Wazee wamekataa kunipa mtoto, naombeni ushauri

Nyota ya Nkuhungu (mleta mada): Wakuu habari za jioni. Nakaa Dodoma mjini, wazee wangu wako Mvumi. Kuna mtoto wa miaka saba wanamlea. Nataka nimchukue, Januari aanze la kwanza huku mjini. Wazee wamegoma. Baba ni mzee wa kanisa, Anglikana wa kindakindaki, anasema mtoto hatoki pale mpaka apate kipaimara. Mama hagombi, ila sala ya jioni ikiisha anamshika mtoto mkono, wanaenda kulala bila kuniaga. Kwetu tunasoma Biblia kwa zamu kila usiku. Zamu yangu siku hizi wanairuka. Nifanyeje?

Mlenda Mkavu: Kipaimara kwa miaka saba? Wanasubiri mtoto ajitambue kwanza. Baba yako anakuambia hapana kwa lugha ya upole.

Binti Kongwa: Waache wazee. Mimi nimelelewa na bibi. Saa kumi na moja alfajiri tuko magotini, ukisinzia anakuvuta sikio huku maombi yanaendelea, hata sentensi haikatiki. Anawaombea wajukuu wote kwa majina, na ukiwa umemkosea jana yake unasikia kosa lako linatajwa mbele za Mungu na binamu zako wote wakiwepo. Akimaliza, uji wa uwele. Hivi nani analima uwele mweupe siku hizi?

Mzee wa Zuzu: Soma 2 Timotheo 1:5. Imani ya Timotheo ilianzia kwa bibi yake Loisi, ikaja kwa mama yake Eunike. Vijana mnadhani bibi ni wa kubembeleza watoto tu.

Kondoa Kwetu: Mleta mada, mbona unazunguka? Mtoto wa nani?

Nyota ya Nkuhungu: Wa nyumbani.

Kondoa Kwetu: Nyumbani hakuzai. Mama yake nani?

Nyota ya Nkuhungu: Sawa. Ni wangu. Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, na enzi hizo ukipata mimba shule ndiyo basi, ruhusa ya kurudi imekuja 2021. Wazee wakamchukua ili nirudie mtihani kama mtahiniwa binafsi. Yeye anawaita baba na mama. Mimi ananiita dada.

Mlenda Mkavu: Eeh! Sasa uzi ndiyo umeanza.

Nyota ya Nkuhungu: Na nina mchumba. Nimemwambia tutaishi na mdogo wangu, amekubali bila shida. Ada nimeshalipa. Baba anasema matangazo ya ndoa yakianza kusomwa kanisani kabla sijamwambia mchumba ukweli, atasimama yeye mwenyewe.

Mzee wa Zuzu: Ndiyo kazi ya matangazo hiyo! Yanasomwa Jumapili tatu, mwenye neno aseme.

Nyota ya Nkuhungu: Mzee wangu, si kizuizi cha ndoa. Sijawahi kuolewa.

Kondoa Kwetu: Dada, kwetu Waislamu wanazuoni wengi wanasema mama akiolewa na mwanamume asiye ndugu wa mtoto, haki ya kulea inahamia kwa bibi mzaa mama. Sisemi uifuate, wewe Mkristo. Nasema bibi si yaya wa kumpokonya mtoto ukishapata nafasi.

Chamwino Sheria: Tutulie. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, inatanguliza maslahi ya mtoto. Nenda Ustawi wa Jamii, wawakutanishe wote mezani.

Binti Kongwa: Kumpeleka baba yako mzee wa kanisa Ustawi? Huyu anataka laana.

Tairi Kipara: Wadau, hii ni chai, stori ya kutunga. Sukari imezidi. Mvumi ya wapi mama mtu mzima anapata mtoto ghafla na hakuna anayehoji? Halafu ID imefunguliwa leo.

Mlenda Mkavu: Mvumi Mission au Mvumi Makulu? Jibu haraka bila kuuliza mtu.

Nyota ya Nkuhungu: Mission. ID mpya kwa sababu mchumba anaijua ile ya zamani. Na watu wazima pale wanajua wote, wamenyamaza kwa heshima ya baba. Nilijifungulia kwa shangazi Morogoro.

Tairi Kipara: Ona sasa, na shangazi keshaingia. Kesho utasema mchumba ni mchungaji.

Nyota ya Nkuhungu: Ni mwinjilisti.

Tairi Kipara: 😂😂😂 Mwagieni maziwa hiyo chai.

Mzee wa Zuzu: Iwe chai isiwe chai, wapo mabinti kumi humu wanasoma kimya kimya, yao ni hiyo hiyo.

Mama Wawili: Mimi mmojawapo. Wa kwangu alikuja kuambiwa na mtoto mwenzake kisimani.

Kondoa Kwetu: Pole dada. Alisemaje?

Mama Wawili: Aliendelea kuniita dada. Mpaka leo, na ana mke.

Nyota ya Nkuhungu: Ada hairudishwi. Jumapili nakwenda Mvumi na mchumba, yeye anajua tunakwenda kusalimia. Baba amesema nikikaa kimya hadi baada ya chakula, atasema yeye.

Binti Kongwa: Mwambie mkiwa njiani, basi. Usimwachie baba yako.

Chamwino Sheria: Njoo utupe mrejesho Jumatatu.

Tairi Kipara: Akirudi na mrejesho, mimi nakunywa chai yote.