Mama apandikizwe jino la skrubu laini au ya kukwaruza?

MwanaWete
Asalaam aleikum wanajamvi. Naomba ushauri kuhusu mama yangu, umri miaka 61, tupo Wete. Aling'olewa magego mawili ya chini na sasa pweza anamtazama tu. Daktari wa Dar amesema atampandikizia skrubu mbili za titani, na ametupa bei mbili. Ya nafuu imechongwa ikaachwa laini. Ya ghali imepigwa mchanga kisha ikachovywa kwenye asidi, ina vishimo visivyoonekana kwa macho, na anasema mfupa huishika vizuri zaidi. Akili yangu inakataa. Kitu cha kukaa mwilini si bora kiwe laini? Au ni biashara tu? Mama ana sukari, anatumia vidonge, na tambuu hajaiacha. Nauli ya kuvuka bahari si ndogo, sitaki kazi ifanywe mara mbili.

BintiNg'ambo
Waaleikum salaam kaka. Kabla ya skrubu, ulizia sukari. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, si cha kutoboa kidole asubuhi.

TabibuMeno
Daktari wenu hajawadanganya. Siku ya kwanza skrubu hushikwa na hesi zake tu, zinavyobana mfupa. Mshiko huo hupungua, kwa sababu mwili huondoa kwanza mfupa ulioumizwa na kekee, na mfupa mpya bado haujaota. Wiki ya pili mpaka ya nne ndizo za hatari. Hapo ndipo uso wa kukwaruza unapofanya kazi yake: damu ikiganda juu yake, nyuzi zake hukamata vile vishimo, na seli zinazojenga mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo mpaka kwenye titani yenyewe na kuanza kujenga pale pale. Uso ukiwa laini, nyuzi hubanduka upesi, na mfupa hubidi uote kutoka kwenye kuta za tundu kuifuata skrubu. Chokaa hushika jiwe la matumbawe, haishiki kioo.

Lakini laini si takataka. Brånemark, yule Mswidi aliyeona mwaka 1952 titani imegandamana na mfupa wa sungura, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965 kwa skrubu za kuchongwa tu, na za namna hiyo ziliwadumu watu miaka mingi. Ila walikuwa wakisubiri kama miezi mitatu taya la chini na sita la juu kabla ya kufunga jino. Hizi za mchanga na asidi, mfupa ukiwa mzuri, wengi husubiri wiki sita mpaka nane. Tofauti kubwa huonekana kwenye mfupa mwepesi, khasa nyuma ya taya la juu. Mama yenu ni taya la chini, mfupa wake kwa kawaida ni mgumu zaidi.

MzeeDarajani
Ndugu tabibu, kama inashika mfupa, si itashika na ukoga pia?

TabibuMeno
Naam mzee, umegusa penyewe. Ndiyo maana kukwaruza kuna kiasi chake. Kinachopendelewa ni kina cha wastani wa maikromita 1 mpaka 2, na unywele una unene wa kama 70. Ukizidi hapo faida haiongezeki, na ufizi ukishuka, bakteria hupata maficho yasiyofikiwa na mswaki. Zile za zamani zilizonyunyiziwa titani ya moto zilikuwa za kukwaruza mno, na zilileta taabu hiyo. Skrubu nyingine shingo yake, pale juu karibu na ufizi, huachwa laini kwa makusudi, muulizeni daktari wenu.

BintiNg'ambo
Basi na tambuu iachwe. Ile yenye tumbaku inaunguza fizi.

TabibuMeno
Na tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, wakati damu ndiyo inayoanza kazi yote niliyoeleza. Aache kabla ya upasuaji, na asirudie mpaka mfupa ushike, bora asirudie kabisa. Sukari ikiwa juu huchelewesha mfupa miezi ya mwanzo. Kwa kile kipimo cha miezi mitatu, tungependa iwe asilimia 7 au karibu na hapo.

MwanaWete
Nimekuelewa vizuri, Allah akulipe. Pesa ikinibana, nichukue ya nafuu?

TabibuMeno
Mimi ningesubiri. Miezi ya kushusha sukari na kusafisha fizi haitapotea, na huku unakusanya. Ukienda, taka uandikiwe jina la kampuni, ukubwa na namba iliyo kwenye pakiti, ili siku jino lililofungwa juu ya skrubu likilegea daktari wa Unguja ajue bisibisi gani itaingia. Pakiti ifunguliwe mbele ya mama, na skrubu isiguswe kwa kidole wala mate kabla ya kuingia mfupani.

MwanaWete
Sawa. Tunaanza na kipimo cha sukari. Tambuu nitamwachia dada azungumze naye, mimi hanisikilizi.