Hili neno "mole" la Kiingereza ni moja au ni mengi?

Kiu_ya_Kujua:
Wakuu habari za jioni. Namsaidia dogo wangu homuweki, yuko form three, wamefika kwenye mole ile ya kemia. Sasa kaniuliza mbona kwenye muvi za kijasusi msaliti wa ndani naye anaitwa mole, kufungua dikshenari tukakuta ni fuko, tena ni kidoti cha usoni, tena ni ukuta wa bandarini. Hivi ni neno moja lina maana zote hizo au ni maneno tofauti yamegongana tu? Na yametokea wapi? Wajuzi karibuni.

Mwl_Chaki:
Mkuu swali zuri sana hili. Ni maneno tofauti, kila moja na kwao, yamekuja kukutana kwenye spelling. Kidoti ndio mkongwe, Kiingereza cha kale walisema māl, yaani doa. Mnyama kaingia karne ya 14 hivi, Waholanzi nao wanamwita mol mpaka leo, na Waingereza walikuwa pia na jina mouldwarp, mrusha udongo, ambalo mimi naliona bora zaidi maana ndio kazi yake, anachimba huku anasukuma udongo juu mpaka bustani nzima inajaa vichuguu. Ila dogo ajue huyo wa Ulaya sio fuko wetu, yeye anakula nyungunyungu na wadudu, wetu ni jamii ya panya, ndiye anayetumalizia mihogo na viazi.

Ya kemia sasa ndio tamu. Kilatini kuna moles, rundo kubwa la kitu. Waitaliano wakapata molo, Wafaransa wakachukua, ikafika Uingereza ikiwa ule ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi (kule Dunkirk, Ufaransa, mwaka 1940 kwenye vita ya pili ya dunia wanajeshi wengi sana walipandia meli kwenye ukuta wa hivyo). Moles hiyohiyo ukiipa udogo inakuwa molecula, kirundo, ndio hii molekuli, halafu mkemia Wilhelm Ostwald kule Ujerumani miaka ya 1890 akaifupisha akapata Mol. Kwa hiyo mole ya kemia na ukuta wa bandari ni ukoo mmoja kabisa! Na idadi yenyewe ya chembe (atomu au molekuli) kwenye mole moja tangu 2019 imewekwa rasmi 6.02214076 × 10²³, kitabu cha zamani kitamwambia ni idadi ya atomu kwenye gramu 12 za kaboni-12, asichanganyikiwe.

Nesi_wa_Zamu:
Naongezea ya kwetu. Kuna molar pregnancy, mimba zabibu, ile ambayo kondo la nyuma linakua vibaya na kuwa vivimbe kama zabibu, nayo haihusiani na molar mass ya kemia hata kidogo. Hii inatoka mola ya Kilatini, jiwe la kusagia, na magego nayo yanaitwa molar kwa sababu hiyohiyo, yanasaga. Nalisema hapa kwa sababu watu wanagugo wanaishia kwenye kemia au meno, wakati mama aliyepata mimba zabibu anatakiwa ajue kwamba baada ya kusafishwa kizazi lazima aendelee kupimwa homoni ya ujauzito kwa miezi kadhaa hata kama anajisikia mzima, maana kwa wachache inageuka saratani na ikiwahiwa inatibika vizuri tu. Tafadhali msiwaache wakakatisha kliniki.

Jiko_la_Mama_Z:
Mmesahau chakula. Mole ya Mexico inasomwa mo-le, kama tunavyosoma sisi. Ni molli, mchuzi, kwa Kinahuatl lugha ya Waazteki. Guacamole ni ahuacatl, parachichi, na hiyo molli. Ile ya Puebla inatiwa pilipili kavu na chokoleti, inakuwa mchuzi mzito mweusi, ukipata nafasi ijaribu.

Kiu_ya_Kujua:
Aisee asanteni sana, dogo yuko hapa pembeni anasoma yote. Na jasusi je?

Jicho_Makini:
Jasusi katoka kwa yule mnyama, anayefanya kazi chini kwa chini huku juu huoni kitu. Wengi wanasema kaanzisha John le Carré, mwandishi wa riwaya za kijasusi, mwaka 1974, yeye alilifanya maarufu tu, Mwingereza Francis Bacon alishalitumia mwaka 1622 akiandika habari za mfalme Henry VII, akiwaita hivyo maadui wa siri waliokuwa wakimchimba mfalme. Na sio kila jasusi ni mole, huyu ni pandikizi, anaingizwa mapema, anapanda vyeo miaka na miaka huku kila mtu anamwamini. Msomeni Kim Philby, mtu wa Moscow ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, mwaka 1944 wakampa yeye akiongoze kitengo cha kupambana na ujasusi wa Wasovieti.