Naomba ushauri: Dickens kwa Kihindi, talaka ya Stephen inanikwamisha

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha maigizo hapa Delhi kinaandaa Hard Times, riwaya ya Charles Dickens (1854), kwa Kihindi, na mimi ndiye ninayepanga maonyesho. Wenzangu wanataka tuihamishie Kanpur, mji wa hapa India, ya miaka ya 1930, kwenye viwanda vya nguo. Lugha inakubali kabisa. Stephen, mfumaji, anaongea Kiawadhi, lugha ya eneo hilo. Gradgrind, mwenye shule, anagonga meza akidai “haqiqat”, ndugu wa hakika yetu. Jana nilisikia mwili kusisimka.

Shida ni talaka. Riwayani Stephen anataka kumwacha mkewe mlevi ili amwoe Rachael, anaambiwa sheria ya talaka ipo, ila ni ya wenye fedha, na uchungu wote uko hapo. Lakini Kanpur wakati huo mwanamume Mhindu aliruhusiwa kuoa mke wa pili. Katazo lilikuja na sheria ya 1955. Mtazamaji atauliza, si amwoe tu Rachael?

Nimewaza kumfanya Stephen Mkristo, maana Wakristo wa India walikuwa na sheria ya talaka tangu 1869, ya mahakamani na gharama zake. Naogopa ataonekana mgeni kwao. Waliowahi kuhamisha tamthilia toka nchi moja kwenda nyingine, mngefanyaje? Au nimrudishe Uingereza?