Jiko la gesi la pleti nne: pleti moja haitoi cheche

Mpangaji wa Chumbageni

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina jiko la gesi la kusimama, la pleti nne, ambalo huwashwa kwa kitufe na lina waya wa umeme unaochomekwa ukutani. Jumamosi iliyopita maharage yalifurika nikiwa uani ninaanua nguo, nami kwa hasira nikalimwagia jiko maji na sabuni kuliko ilivyostahili. Tangu siku hiyo pleti ya mbele kushoto haiwaki: nikibonyeza kitufe nasikia tik-tik-tik kama kawaida, pleti nyingine tatu zinashika moto, lakini hiyo inabaki kutoa harufu ya gesi tu mpaka niifuate kwa kiberiti. Nilidhani maji yakikauka tatizo litaisha, na leo ni siku ya tano. Fundi niliyemwita alitazama kwa dakika mbili, akasema mfumo wote wa kuwashia umekufa, kisha akataja bei inayokaribia nusu ya thamani ya jiko. Je, kuna jambo ninaloweza kulichunguza mwenyewe, bila kujihatarisha, kabla sijatoa fedha hizo?

Fundi wa Majiko, Ubungo

Ndugu, mfumo wote hauwezi kuwa umekufa ilhali pleti tatu zinawaka. Ndani ya jiko lako kuna kisanduku kimoja kidogo kinachopokea umeme wa nyumbani, kuupandisha hadi maelfu ya volti na kuupeleka kwa waya hadi kwenye kila pleti, ambako kuna kijiti cheupe cha kauri chenye ncha ya chuma. Cheche inatakiwa iruke kutoka kwenye ncha hiyo hadi kwenye kifuniko cha pleti. Katika majiko mengi ya aina hii, ukibonyeza kitufe pleti zote hutoa cheche kwa pamoja, kwa hiyo mlio unaousikia huenda ni wa zile tatu nzima.

Fanya hivi usiku. Funga gesi kwenye regulata ya mtungi, kisha fungua mlango pamoja na madirisha, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Harufu ikiisha kabisa, na si kabla ya hapo, zima taa, bonyeza kitufe na utazame bila kugusa chochote. Usipoona cheche yoyote kwenye pleti hiyo, shuku waya uliochomoka kwa chini, au mafuta na unyevu uliosalia kwenye kijiti. Ukiona cheche inaruka kutoka kwenye ncha hadi kwenye kifuniko, umeme hauna kosa, na tatizo ni matundu ya gesi yaliyozibwa na mchuzi wa maharage. Ukiiona inaruka kutoka ubavuni mwa kauri kwenda kwenye bati la jiko, basi kauri imepasuka, kwani cheche haina subira, hupita njia iliyo fupi.

Naomba pia unijibu: je, ulimwaga maji jiko likiwa bado la moto?

Bi Mkubwa wa Likoni

Mwanangu, kabla hujazima hata taa, tazama kama kile kifuniko umekirudisha sawasawa. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe baada ya kuosha nilikiweka upande, ncha ikawa mbali nacho. Jiko langu ni la kioo la pleti mbili, la betri moja kubwa iliyofichwa chini, na huku kwetu kando ya bahari ugonjwa wake ni kutu: ile springi ya kushikia betri hugeuka kijani, nami huikwangua kwa msasa kila baada ya miezi michache.

Kijana wa Gongo la Mboto

Kama kauri imepasuka, izungushie tepu nyeusi ya umeme na utaendelea kupika. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana.

Fundi wa Majiko, Ubungo

Kaka, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Tepu hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye moto. Itayeyuka, itanuka na huenda ikashika moto, na hata kabla ya hapo umeme wa maelfu ya volti utapenya kwenye mwanya wowote utakaoachwa. Kijiti kilichopasuka hubadilishwa, nacho huuzwa kimoja kimoja bila kununua mfumo mzima. Bi Mkubwa amesema kweli kuhusu kifuniko: kati yake na ncha uachwe mwanya wa milimita 3 hadi 5 hivi.

Mpangaji wa Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante sana, fundi. Ni kweli, nilimwaga maji jiko likiwa bado la moto. Jana usiku nilifuata maelekezo: kifuniko kilikuwa mahali pake, lakini cheche ya buluu ilikuwa ikiruka pembeni, karibu kabisa na shina la kijiti, na haikufika juu hata mara moja.

Leo asubuhi nilichomoa waya ukutani, nikafunga mtungi, nikainua bati la juu baada ya kufungua skrubu nne, ambazo mbili zilinisumbua kwa kutu. Kijiti kimeshikiliwa na kipini kidogo tu. Nilikwenda nacho dukani ili nilinganishe urefu wake na namna mdomo wa waya ulivyo, kwani muuzaji alikuwa na aina tatu zinazofanana kwa mbali. Kabla ya kurudisha bati nilisafisha vijiti vingine vitatu kwa mswaki mkavu wenye spiriti kidogo, nikangoja spiriti ikauke kabisa. Nilipofungua mtungi nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, na hakuna kiputo kilichojitokeza. Pleti imewaka kwa mbonyezo wa kwanza.

Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Niliuona baada ya kukipaka kijiti masizi na kukifuta. Nimekiweka kwenye droo ya vijiko, yule fundi akipita tena mtaani nimwonyeshe.