"College" si chuo cha kati! Ujinga huu umemponza binti wa dada yangu

Wakuu, jambo hili nimelimeza wiki nzima, leo limenifika kooni.

Binti wa dada yangu alimaliza kidato cha sita, PCB, divisheni wani. Akaomba vyuo Marekani mwenyewe, usiku, kwa simu ya mama yake. Vikamkubali viwili. Chuo kidogo cha Ohio kikasema: ada juu yetu, chakula na malazi juu yetu, miaka yote minne. Chuo kikuu kimoja chenye jina kubwa kikampa nusu ya ada, basi.

Kikao cha familia kikaitishwa. Baba yake mkubwa, msomi tunayemheshimu, akaishika ile barua ya Ohio: "College? Mtoto ana wani halafu aende chuo cha kati?" Mwingine akapekua orodha ya vyuo bora duniani, hakukiona. Mwingine kusikia "liberal arts" tu akauliza kama mtoto anakwenda kusomea uchoraji! Nilibishana nao mpaka nikaambiwa nitoke nje nikapunge upepo. Mtoto akapelekwa kwenye jina. Tukachanga, shamba la Sengerema likauzwa, na mwaka wa pili hela ikakata. Sasa yuko kwangu Mwanza, anafundisha tuisheni watoto wa jirani.

Nisikilizeni basi. Williams, Amherst, Swarthmore, Pomona, vyote vinaitwa college, na kupata nafasi humo ni kazi ngumu hata kwa Mmarekani. Orodha za dunia zinapima zaidi utafiti, na vyuo hivi vingi havina hata wanafunzi wa uzamivu. Kazi yao ni shahada ya kwanza, fizikia na fasihi pamoja; hiyo ndiyo "liberal arts", si uchoraji. Marekani kwenyewe vinapangwa kwenye orodha ya peke yake. Darasa ni dogo, anayefundisha ni profesa mwenyewe na kazi yako anaisahihisha yeye. Williams kuna kozi za wanafunzi wawili na profesa: mmoja anasoma alichoandika, mwenzake anamkosoa. Nani kati yetu alisoma hivyo?

Wangari Maathai alisomea biolojia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akamaliza 1964. Kofi Annan alimaliza Macalester 1961. Uhuru Kenyatta kasoma Amherst. Nao ni wa chuo cha kati?

Na ninyi mliosoma huko, mna lawama pia. Mtoto akija kuomba ushauri mnaanza kugombania kipi kiko juu, Williams au Amherst, na kudharau vya Iowa na Ohio kwamba viko porini. Asiye na ada ugomvi huo unamsaidia nini? Mwambieni aulize chuo kinalipa kiasi gani, kwa mwaka mmoja au minne, na kama mgeni akiomba msaada wa ada anapunguziwa nafasi ya kuchaguliwa. Amherst hawampunguzii. Hilo hamlisemi, mnasema namba.

Tumewaandikia wale wa Ohio. Wamejibu kwamba nafasi ile ilishapita, aombe upya kama mwanafunzi wa kuhamia, na kwa wanaohamia kutoka nje ya nchi msaada ni mdogo.

Anayejua chuo kinachopokea wanaohamia kwa ufadhili kamili aweke hapa, tafadhali. Kiwe cha Minnesota, kiwe cha Maine, jina lisijulikane hata mtaa wa pili. Vyeti vyake vyote viko tayari.