Kuwafundisha wanafunzi wa meno kuhudumia wazee: kliniki, nyumba ya wazee au vijijini?

Mkufunzi_Kampala
Naomba ushauri. Kuna wanafunzi 24 wa mwaka wa nne na wiki 4 za somo la afya ya kinywa ya wazee. Njia ni tatu: kliniki ya hospitali, nyumba ya wazee, au vituo vya afya vya daraja la nne vijijini. Pesa zinatosha njia mbili. Mngeacha ipi? Lengo ni mwanafunzi aweze kumpokea jajja (babu au bibi) wa miaka 80 mwenye presha, kisukari na meno sita yaliyobaki, asimdhuru.

KitiNaTaa
Kliniki usiiache, mwalimu. Hapo ndipo anajifunza dawa. Kabla hajashika kioo, aandike kila kidonge anachomeza mgonjwa. Amlodipini na nifedipini, dawa za presha, huweza kuvimbisha fizi. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, hukausha mate, na mate yakikauka mizizi ya meno huoza haraka. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) ndani ya saa 24 kabla ya kung'olewa jino. Ikifika 4, koleo liwekwe chini na mgonjwa arudi kwa daktari wake.

Ganzi nayo: lidokeini yenye adrenalini 1:100,000, mgonjwa wa moyo asizidishiwe katriji (vichupa vya ganzi) mbili za mililita 1.8. Hizo zina mikrogramu 36 za adrenalini, na mpaka wake ni 40.

Kosa kubwa huja mwishoni. Kiti kinainuliwa ghafla, mzee anasimama, presha inashuka, anaanguka. Kiinuliwe kidogo kidogo, kisha aketi dakika 2 au 3 miguu ikiwa chini.

Nesi_wa_Wazee
Kuhusu dawa nakubali kabisa. Lakini mzee anayefika kliniki ni yule mwenye miguu na nauli. Aliyepooza, au aliyepoteza kumbukumbu, yuko nyumbani au katika nyumba ya wazee kama Mapeera Bakateyamba kule Nalukolongo, Kampala.

Huko mwanafunzi aanze na kazi inayodharauliwa: kumpigia mtu mwingine mswaki. Mgonjwa aegemezwe nyuzi 45 au zaidi, kidevu kiinamie kifua kidogo. Akilazwa chali, maji na uchafu huteremka mapafuni, na nimonia ya namna hiyo huua wazee. Mwanafunzi asimame ubavuni, mkono mmoja ukishika kidevu. Dawa ya meno kidogo sana, na asiyeweza kutema afutwe kwa gozi (kitambaa cha shashi) yenye unyevu.

Mwenye usahaulifu akifumba mdomo, vidole visitumike kumfungua. Ataumia, na ataing'ata mikono yako. Mpe mswaki aushike mwenyewe, uweke mkono wako juu ya wake, mwendo uanze naye. Akikataa bado, ondoka urudi baada ya nusu saa. Mlezi awepo kila mara, maana ndiye atakayeendelea mkishaondoka.

Fundi_Taya
Angalizo la meno bandia. Seti kamili huhitaji mahudhurio kama matano: umbo la kwanza la taya, umbo la pili, kipimo cha kuumana, jaribio la nta (meno yakiwa yamepangwa kwenye nta), kisha kukabidhi. Mgonjwa asipochaguliwa wiki ya kwanza, wiki 4 zinaisha jajja akiwa na nta tu. Kinachokosewa sana ni kimo cha kuumana. Mdomo ukitulia, kati ya meno ya juu na ya chini paachwe milimita 2 hadi 4. Pasipoachwa, meno hugongana akiongea na taya humchosha.

Mzee afundishwe kuyaosha juu ya beseni lenye maji, yasivunjike yakiponyoka. Maji ya moto hapana, hupinda. Usiku ayavue.

Mkufunzi_Kampala
Asanteni. Basi vijijini ndiko kuachwe?

Afisa_Meno_Masaka
Usifanye hivyo, ndugu. Kituo kisicho na umeme wa uhakika ndiko wengi watakakofanya kazi. Mzizi uliooza huzibwa bila mashine: kwangua uozo laini kwa kijiko cha meno, zungushia pamba, paka asidi ya poliakriliki (ya kusafisha shimo) sekunde 10 hadi 15, suuza, kausha bila kukaukisha mno, changanya simenti ya glasiayonoma (ya kuzibia meno), jaza ikiwa bado inang'aa, bonyeza kwa kidole chenye vaselini. Asile kwa saa moja. Ikipoteza mng'ao haishiki tena, na damu ya fizi ikiingia itabanduka.

Pasipozibika, silva daiamini floraidi (dawa ya kusimamisha uozo) ya asilimia 38 hupakwa dakika moja. Palipooza patageuka peusi, kwa hiyo mzee na familia waambiwe kabla, si baada.

Siku za kulipa SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, wazee wengi hukusanyika. Wachunguzeni hapo, ila msiwang'oe: wengi wametembea mbali na hawajala.

Nesi_wa_Wazee
Kama lazima pesa zipunguzwe, punguza siku za kliniki ziwe tatu kwa wiki. Nyumba ya wazee ifuate asubuhi mbili, wanafunzi wanne wanne kwa msimamizi mmoja. Zaidi ya hapo wazee wanatishika.

KitiNaTaa
Siku tatu zinatosha, mradi siku ya kwanza ya kila kundi iwe ya dawa peke yake.