Mjadala: Sukari ya mpakani ianzishiwe metformini?

Mfamasia, Dodoma mjini
Wadau, naomba tulijadili hili. Mtu mwenye sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 6.1 hadi 6.9 mmol/L, yaani ya mpakani, aanzishiwe metformini, dawa ya kisukari, hapo hapo zahanati, tusimngoje afike 7.0 ambayo ni kisukari chenyewe. Hoja yangu ni ini. Usiku ini ndilo linalotengeneza sukari, likitumia vimeng'enya vinavyotokana na jeni za PCK1 na G6PC. Metformini huingia kwenye seli ya ini kupitia protini iitwayo OCT1, hupunguza nishati inayozalishwa na mitokondria (mitambo ya nishati ya seli), na AMPK, kimeng'enya kinachohisi upungufu wa nishati, huamka. AMPK nayo huizuia CRTC2, protini inayowasha jeni, isiingie kwenye kiini cha seli, hivyo jeni hizo mbili hupoa. Tunajua dawa inapogusa, tunasubiri nini?

Daktari, Kongwa
Mfamasia, njia hiyo ipo, ila si peke yake. Mwaka 2010 watafiti waliwapa metformini panya wasio na AMPK kwenye ini, na sukari ikashuka vilevile. Hata jeni hizo ziliposukumwa kwa nguvu kwenye seli, utengenezaji wa sukari bado ulipungua. Nishati ikishuka, AMP (kemikali inayobaki nishati ya seli ikitumika) inayorundikana huzuia kazi yenyewe ya kutengeneza sukari, jeni zipoe zisipoe. Tena majaribio mengi ya maabara huloweka seli kwenye dawa kwa kiwango cha mara mia au zaidi ya kile kinachokutwa kwenye damu ya mgonjwa. Na wapo watu wasio na kisukari waliopimwa wakiwa kwenye dawa, ini lao likaonekana kutoa sukari zaidi, si pungufu. Kwa hiyo jeni za panya zisituandikie cheti cha dawa.

Mfamasia
Sawa daktari, tuache panya. Utafiti wa Marekani, 2002, watu 3,234 wenye sukari ya mpakani: waliomeza miligramu 850 mara mbili kwa siku, kasi ya kuingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 31.

Daktari
Na waliobadilisha chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki, asilimia 58. Wenye miaka 60 na zaidi dawa haikuwasaidia kwa kiasi cha maana. Ilifaa zaidi wenye BMI (uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 35 kwenda juu na akina mama waliowahi kupata kisukari cha mimba. Halafu dawa iliposimamishwa kwa wiki moja au mbili na watu wakapimwa upya, 31 ikawa 25. Sehemu ya faida ilikuwa kufunika sukari tu.

Mtaalamu wa maabara, Mpwapwa
Ndugu zangu, mnabishania dawa wakati namba yenyewe ina mashaka. Glukometa, kile kipimo cha kuchoma kidole, inaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15. Hiyo 6.4 yenu yaweza kuwa 5.5, yaweza kuwa 7.3: mzima, wa mpakani na mgonjwa wote mle mle. Damu ya mshipa ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila kutenganishwa, seli zinaendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na kwa joto la boda boda ni zaidi. Tumieni chupa ya kizibo cha kijivu, na hata hiyo iwekwe kwenye barafu, maana dawa iliyo ndani yake ya kuzuia seli zisile sukari huchelewa kufanya kazi. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, nayo hushuka kwa uongo kwa mwenye selimundu au aliyetoka kuugua malaria, na hupanda kwa aliyepungukiwa madini ya chuma.

Muuguzi, Bahi
Naongezea la figo. Metformini iliyoingia kwenye damu hutoka kwa mkojo ikiwa nzima, hivyo bila kreatinini (kipimo cha damu cha figo) msianze: eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu, chini ya 45 haanzishiwi, chini ya 30 hapewi kabisa. Wengine waanze na miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, waongezewe baada ya wiki. Wakianza na 1,000 tumbo huwaharisha, wanaacha kimyakimya na kadi inaendelea kusomeka "anatumia". Na anayekula ugali wa mtama na mlenda, nyama mara chache, vitamini B12 yake tayari ni ndogo. Dawa hii huishusha zaidi, ganzi ikaja miguuni tukadhani ni kisukari.

Mfamasia
Basi nawaondoa wazee na wembamba kwenye hoja yangu. Lakini mama aliyepata kisukari cha mimba, mnene, kreatinini nzuri, kipimo cha mshipa kimerudiwa na bado ni 6.5. Huyo naye tumwambie atembee tu?

Daktari
Huyo mpe. Na kutembea atembee.